Ugonjwa Unaoimba

Katika mji wetu wa Bunia ni rahisi kupata bima ya pikipiki kuliko bima ya kichwa kinachoiendesha. Nililijua jambo hilo tangu chuo kikuu, nilipokuwa nasomea sheria, lakini nililijua kama mtu anavyojua kwamba moto unachoma kabla hajaushika. Niliushika asubuhi niliyomkuta baba mudogo Vital akikata vidonge vyake kwa makasi ya kushonea.

"Baba mudogo, unafanya nini?"

"Napunguza mupana," akasema bila kuinua kichwa. "Kitambaa ikikosa, fundi anapunguza mupana."

Makasi yale ni ya kukatia suruali. Nusu moja ya kidonge iliruka, ikapita chini ya cherehani, na kuku wa mama mudogo Monique akaimeza kabla hatujainama. Kuku yule alilala. Alilala mchana kutwa katikati ya ua, mabawa wazi, kwa amani ambayo sijaiona kwa kuku mwingine, mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeshabandika maji ya kumnyonyolea.

"Mumeona?" baba mudogo akasema kwa fahari. "Hii dawa haiko ya uongo."

Vital ni mdogo wake baba yangu. Ni fundi cherehani katika mtaa wa Saio, na mimi ninaishi kwake na mkewe Monique tangu jamaa yetu ilipokimbia vita kule Fataki. Ana ugonjwa wa akili. Ninauandika wazi kwa sababu yeye mwenyewe huusema wazi, hasa mbele ya wateja wanaochelewa kulipa: "Kila mutu na ugonjwa yake. Mi iko mu kichwa, ya weye iko mu mufuko." Akimeza dawa yake asubuhi na jioni, ni mtu mtulivu anayeshona, anayetania, na anayekula mboga ya lenga-lenga bila kunung'unika. Asipomeza, kwanza anapanda. Hapati usingizi, anazungumza na watu watatu kwa wakati mmoja, anampenda kila mtu na kugawa kila kitu. Halafu anashuka, na huko chini hakuna anayemfikia. Mara ya mwisho aliposhuka, mama mudogo alimlisha uji kwa kijiko, na cherehani ikafunikwa na vumbi la kiangazi kizima.

Zamani dawa ilitoka bure. Kulikuwa na shirika, na shirika lilikuwa na mradi, na mradi ulikuwa na mwisho. Walipoondoka waliacha kibao chao kizuri kando ya barabara. Kibao kiko mpaka leo. Dawa iko farmasini, kwa bei inayopanda kila ndege inayoileta inapochelewa.

Muuguzi wetu, ambaye tunamwita muganga Abdoul, aliposikia habari ya makasi alishika kiuno. "Vital, nusu ya dawa haiko nusu ya afya. Nusu ya daraja inavusha nani?"

Ndipo nikafikiria mutuelle ya chorale.

Chorale ya parokia yetu, kwaya ambamo baba mudogo anaimba tenori na mimi alto, ina mutuelle, yaani sanduku la kusaidiana. Kila mwimbaji anatia kidogo kila mwezi, na anayeugua analipiwa dawa. Mwanzoni sanduku lililipa kila kitu, na kwa sababu hiyo liliisha upesi. Mtu mmoja alileta jino la mama mkwe wake. Mwingine alileta mbuzi. Siku ya mbuzi, mama Micheline, mweka hazina, muuza maharagwe ambaye hakuna aliyewahi kumpunja kipimo, alisimama katika mkutano mkuu akasema: "Hii ni mutuelle ya batu ya kuimba. Italipa ugonjwa yenye inazuia mutu kuimba. Ile ingine, muende nayo kwenu."

Wakapiga makofi, ikawa kanuni. Tangu hapo anayeomba msaada anasimama mbele ya komite na kuimbishwa. Mwenye malaria hana shida: anaimba mstari mmoja, meno yanagongana, sanduku linafunguliwa. Fiston wa besi alivunjika mkono, akaja akaimba vizuri mno, akaambiwa mkono hauimbi. Débora alifika akiwa na uchungu wa kuzaa. Aliimba ubeti wa kwanza wote akiwa ameshikilia meza, na prezida akaanza kutikisa kichwa kwa masikitiko. Tunamshukuru Mungu kwamba ubeti wa pili ulimshinda. Alilipiwa, na mtoto akazaliwa katika chumba cha kuwekea ngoma.

Mimi niliamini kwamba kanuni ni kama mlango: ukibisha kwa adabu, ukaeleza shida yako, mwenye nyumba anafungua. Niliandaa hotuba ya sehemu tatu: haki ya afya, heshima ya binadamu, na desturi za nchi nyingine. Jumamosi, baada ya mazoezi, nilisimama mbele ya komite. Katikati alikaa prezida Serge, muuza mabati. Kulia kwake mama Micheline, ufunguo wa sanduku ukining'inia shingoni. Kushoto kwake papa Stéphane, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wetu wa nyimbo, mtu ambaye kila mwaka chorale yake inashika nafasi ya pili katika shindano la Pentekoste na kila mwaka anakonda kwa ajili hiyo.

Serge alinisikiliza mpaka mwisho wa sehemu ya kwanza.

"Solange, mutoto yangu, unasema muzuri sana. Sasa aimbe."

Shida ni kwamba wiki kadhaa za nusu nusu zilikuwa zimeanza kumpandisha baba mudogo. Macho yaling'aa. Alikuwa amewakumbatia wanakomite wote, mama Micheline mara mbili. Nilimvuta mkono nikamnong'oneza: "Baba mudogo, imba tu vile unajisikia." Nilimaanisha: imba vibaya. Lakini siku ile hakuna mtu Ituri nzima aliyejisikia vizuri kama yeye.

Aliimba wimbo wa mavuno. Sauti ilianzia chini, ikapanda taratibu kama mtu anayebeba ndoo ya maji bila kumwaga tone, na ilipofika juu haikutikisika, ilitulia huko, ikatazama pande zote. Waendesha pikipiki waliokuwa nje walizima injini. Papa Stéphane alifumba macho. Chozi likamtoka, nalo likashuka mpaka kwenye kola bila yeye kulifuta.

Kisha Serge akageuka kwa wenzake.

"Huyu ndiye mugonjwa? Basi siye bazima tuko na nini?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. "Papa Serge, hii sauti ndiyo ugonjwa yenyewe! Anaimba hivi kwa sababu hajameza dawa ya kutosha!"

"Basi hii ugonjwa inajua nota kupita tenori zangu zote," papa Stéphane akasema, akijifuta mwishowe. "Mi naomba Mungu isipone kabla ya Pentekoste."

"Papa Stéphane!" mama Micheline akamkemea.

"Natania, mama."

Hakuwa anatania.

"Ameimba ao hajaimba?" mama Micheline akauliza.

"Ameimba," nikakubali.

"Basi. Kanuni ni kanuni." Akaurudisha ufunguo ndani ya blauzi.

Baba mudogo aliinama mbele ya watu kama aliyepokea kikombe. Aliwashukuru wote, akamsifu mama Micheline kwa msimamo wake, na akaalika chorale nzima kula kwake Jumapili: kuku, samaki wa Tchomia kule ziwani, kila mtu aje na jirani yake. Mama mudogo Monique, aliyesimama mlangoni, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Vital, kuku gani? Ule wa kulala?"

Papa Stéphane alikuwa na furaha kubwa juma lile. Alimpa baba mudogo solo ya Pentekoste, na kwa kuwa baba mudogo ndiye fundi wa chorale, alimletea pia kitambaa cha sare mpya: liputa ya buluu yenye ndege wa manjano, robota nzima, iliyonunuliwa kwa michango ya mwaka. Mashati ya wanaume, magauni ya wanawake, yote yawe tayari kabla ya sikukuu.

Baba mudogo alishona. Sijawahi kuona mtu akishona vile. Cherehani ililia kama mvua kwenye bati, na kila tulipomwomba apumzike alitujibu kwa wimbo. Mama mudogo alifurahi kidogo, akaniambia, "Angalau anafanya kazi." Hatukuangalia vipimo.

Siku chache baadaye papa Stéphane alikuwa juu ya pikipiki akipita karibu na kambi ya watu waliokimbia vita, pembeni mwa mji. Akaona mtoto anakimbiza tairi akiwa amevaa shati la buluu lenye ndege wa manjano. Akajisemea, ajabu, watu wana kitambaa kama chetu. Mbele kidogo akaona wasichana wawili kisimani, ndege wa manjano mgongoni. Kisha akafika kwenye kiwanja cha mpira, na pale akamwambia dereva asimame, kwa sababu timu zote mbili, pamoja na walinda lango, zilikuwa zimevaa chorale yake.

Alifika kwetu hajavua hata kofia. Nilidhani atapiga kelele. Lakini baba mudogo alikuwa ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani, na papa Stéphane alipomwona hivyo alivuta kigoda, akakaa.

"Vital. Nimekuta batoto."

"Zinabakaa muzuri?"

Papa Stéphane alifikiri. Ni mtu mkweli. "Kola zimekaa muzuri sana. Hata vifungo."

"Bale batoto ni ba kwetu, ba Fataki, ba Kpandroma. Nilipita pale, nikaona kama kitambaa yote ya dunia ni ya bao. Ilikuwa wazi kabisa mu kichwa. Hata sasa, papa, sijue kama nilikosa." Akaokota uzi kwenye goti lake. "Lakini najua kitambaa ilikuwa ya benyewe. Na sasa nasikia vile ninaanza kushuka. Mi siogope kuchekwa. Naogopa kule chini. Kule hata Monique hafike."

Mama mudogo aligeuka akaanza kupanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa.

Papa Stéphane alivua kofia, akaitazama. "Ukimeza dawa yote, sauti inakuwa aje?"

"Kama ya mbuzi yenye imekula unga."

"Kabisa?"

"Kabisa. Dawa inakausha kinywa. Solo haiwezekani. Naimba tu kule nyuma, kwa kusukuma."

Hapo nikaruka. Labda ndiyo maana wazazi wangu walinilipia masomo. "Papa Stéphane! Dawa inamuzuia kuimba! Kanuni inasema ugonjwa yenye inazuia kuimba. Dawa ni ya ugonjwa. Ameze kwanza, kisha muumuimbishe!"

"Basi apate dawa kwa sababu dawa inamuzuia kuimba."

"Ndiyo."

"Na bila dawa, hastahili dawa."

"Ndiyo, papa."

"Hii ndiyo banafundisha kule chuoni kwenu?" Akasimama. Alitazama bati la nyumba yetu kwa muda mrefu, na nilijua anatazama kikombe cha Pentekoste kikipaa. "Miaka yote ya pili," akasema peke yake. "Siku moja tu ningependa kujua ya kwanza iko aje."

Akaondoka bila kuaga. Jua lilipoanza kuinama alirudi na pakiti ya farmasi, akaiweka juu ya cherehani.

"Ameze, asubuhi na jioni. Na musinishukuru. Kitambaa ya chorale inapita bei ya hii dawa mbali sana. Hii haiko huruma, ni hesabu."

Alisema hivyo akiutazama ukuta. Walimu wa shule yake hawakuwa wamelipwa tangu mvua za kwanza.

Baba mudogo alimeza. Alishuka kidogo, akasimama njiani, akarudi. Wiki zilipita, akaanza tena kulala, kunyoa ndevu, kutania wateja. Sauti ikawa kweli ya mbuzi na unga. Chorale ilikasirika kwa ajili ya kitambaa, kisha wanawake wakaenda kambini kudai nguo zao, wakaona watoto, wakarudi wakisema tutavaa za zamani. Nikaomba siku nyingine mbele ya komite. Safari hii hotuba yangu ilikuwa sentensi moja.

Kitu ambacho sikukipima ni fahari ya fundi. Baba mudogo aliona aibu kusimama mbele ya watu na sauti ile. Kwa siri alikuwa ameanza kufanya mazoezi, na alikuwa amegundua kwamba kipande cha limau shavuni kinarudisha mate. Siku ya kuimbishwa niliona shavu lake limevimba, nikadhani ni jino.

"Aimbe," Serge akasema.

Mstari wa kwanza ulitoka vibaya, vibaya kwa namna ya kupendeza. Ulikwaruza, ukakatika, ukaomba msamaha. Serge alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Micheline alikuwa tayari ameutoa ufunguo. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo: Bwana, hivyo hivyo.

Kisha baba mudogo akahamisha limau kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia, akameza mate, na mstari wa pili ukatoka safi. Haukuwa ule wa mara ya kwanza. Ulikuwa mdogo zaidi, wa mtu anayetembea polepole na kuangalia anapokanyaga, lakini ulikuwa umenyooka, na ulipanda kuelekea nota ya juu, sol. Serge aliacha kutikisa kichwa. Ufunguo wa mama Micheline ulianza kurudi.

Papa Stéphane alipiga meza kwa kiganja.

"Umekosa!"

Baba mudogo alinyamaza. "Nimekosa nini?"

"Sol. Iko chini."

"Sol yangu?"

"Iko chini, Vital. Kaa."

"Papa Stéphane, weye mwenyewe ulinifundisha hii sol. Haiko chini. Ngojeni, nitarudia."

"Usirudie!" tulisema sote wawili, mimi na papa Stéphane.

"Nitarudia! Haya, pigeni kinanda. Kinanda itasema nani anakosa!" Alikuwa amekwisha kufungua mdomo, limau likionekana, mtu mzima mwenye akili zake zote, tayari kutupa dawa ya mwaka kwa ajili ya nota moja. Nilimkanyaga mguu. Aliuondoa mguu.

"Vital!" Ilikuwa mama mudogo Monique, toka mlangoni. "Kubali umekosa!"

"Sikukosa!"

"Tangu tulioana hujakubali siku moja kama umekosa. Hata ile siku ya kitambaa hukukubali. Leo nakuomba moja. Moja tu, bwana yangu."

Alimtazama mkewe. Sijui aliona nini. Labda kijiko cha uji. Mabega yake yalishuka, na ninaamini ni jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuimba.

"Basi," akasema. "Nimekosa. Kidogo."

"Kidogo ao kabisa?" mama Micheline akauliza, kalamu mkononi.

"Mama Micheline, usinitafute maneno."

Mweka hazina akamgeukia papa Stéphane. "Weye ndiye fundi ya sauti. Uko hakika hii ugonjwa inamuzuia kuimba?"

Papa Stéphane, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kumwambia mtoto kwamba yuko juu akiwa chini, aliinua mkono wa kuume. "Nimesikia na masikio yangu."

Sanduku likafunguliwa. Watu walipiga makofi, kwa nguvu kuliko siku ile ya wimbo wa mavuno, na Fiston wa mkono ndiye aliyepiga zaidi. Mimi nilipiga pia, ingawa mwanasheria ndani yangu alikuwa amefunika uso. Katika mkutano mkuu ujao nitapendekeza kanuni nyingine, iliyo wazi, kwamba mwimbaji akiugua anasaidiwa, basi, bila kuimbishwa. Serge amesema atanisikiliza mpaka mwisho. Ninamwamini.

Tulitoka kwa haraka kuwahi farmasi kabla haijafunga. Mama mudogo alitangulia na pesa ndani ya kitambaa cha kichwa, mimi na wanaume nyuma. Vumbi jekundu lilikuwa limetulia baada ya manyunyu. Papa Stéphane alisogea karibu na baba mudogo, akasema kwa sauti ya chini sana:

"Ile sol ilikuwa safi."

"Najua," baba mudogo akajibu.

"Pentekoste utasimama nyuma. Lakini ile mustari ya pili, nitakupa."

Baada ya hatua chache baba mudogo alianza kuimba ule mstari polepole, kwa mdomo uliofumba nusu, na sol ikaja tena, ndogo na iliyonyooka.

"Nyamaza!" mama mudogo akageuka. "Mama Micheline iko nyuma yetu!"

Tukageuka. Kweli alikuwa pale, kapu la maharagwe kichwani, anaelekea kwake kwa njia ile ile. Alitutazama, akatazama mawingu, na akaanza kukohoa, kikohozi kirefu, kikubwa, cha mtu ambaye hataki kabisa kusikia kitu.